Chapati za maji za viazi vitamu

Chapati za maji za viazi vitamu huhitaji vitu vinavyopatikana kwa urahisi katika wilaya za Mbulu na Hanang, Tanzania: viazi, maziwa, yai na unga wa ngano. Hanang ni wilaya ya ngano. 

Viazi viwili vya wastani huchemshwa na maganda yake ili visinywe maji, kisha humenywa na kupondwa vingali moto, maana vikipoa huacha mabonge. Huongezwa yai, kikombe cha unga, chumvi kidogo, na maziwa hadi mchanganyiko umiminike kwa uzito. Kisha humiminwa kwenye kikaango chenye mafuta. Moto uwe wa wastani, kwani sukari ya kiazi huungua upesi. Chapati hugeuzwa ukingo unapokauka.

Viazi lishe, vyenye rangi ya chungwa, vina beta-karotini inayogeuka vitamini A mwilini. Mafuta ya kukaangia husaidia ifyonzwe.

Mapishi haya hurithiwa jikoni. Mtoto humtazama mama au bibi akipima kwa jicho. Ndiyo maana kila nyumba ina ladha yake, na aliyehamia mjini huitafuta ile ya kwao.