Sensa ya tatu haitaponya cheni iliyolegea

Toyota IST limetoka Dar es Salaam likiwa zima, limefika Kitonga, na pale kwenye kona za mlima dereva anakanyaga mafuta lakini gari linanguruma tu bila kupanda. Taa ya injini imewaka. Iringa mjini fundi anachomeka mashine, inatoa namba P0016, na kabla jasho halijamkauka dereva amekwishaambiwa: "Bosi, usihofu, hii ni sensa tu." Sensa inanunuliwa, taa inafutwa. Kesho yake inawaka tena. Inanunuliwa sensa ya pili, ya kemshafti badala ya krenki, halafu plagi, halafu koili. Wiki ikiisha mwenye gari amebeba nusu ya duka la spea na mlima bado haupandiki.

Magari yanayopitia njia hiyo ni mengi, na si kwamba mafundi wetu hawajui kazi. Wapo wanaoshusha injini kwa jeki moja na kamba, wakaipandisha jioni ikiwa inaimba. Tatizo ni namna tulivyoanza kuiamini mashine ya kupimia kuliko inavyojiamini yenyewe. P0016 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta imeona kemshafti na krenki haziko katika nafasi zinazotakiwa, moja kwa nyingine. Mkosaji anaweza kuwa sensa, ndiyo. Anaweza pia kuwa cheni inayoziunganisha iliyolegea, tenshena ya kuikaza iliyochoka, gia iliyokwama kwa uchafu wa oili, au fundi aliyefunga cheni mwezi uliopita akakosea jino moja. Mashine imeripoti ugomvi, haijatoa hukumu.

Kuuelewa ugomvi huo, anza na injini yenyewe. Injini ya stroki nne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliifanya ifanye kazi sawasawa mwaka 1876, inavuta hewa na mafuta, inakandamiza, inalipua, inatoa moshi. Kazi hizo nne zinachukua mizunguko miwili ya krenki, na katika mizunguko hiyo kemshafti inazunguka mara moja tu ikifungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde. Katika injini nyingi za leo pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa zamu, kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja: mmoja akiinua mchi mwenzake anashusha. Zamu zikivurugika kidogo, injini inakosa nguvu na kula mafuta. Zikivurugika sana, pistoni inaigonga valvu na kuipinda.

Na kidogo hicho ni kidogo kweli. Gia ya kemshafti ikiwa na meno 36, jino moja ni digrii 10 za kemshafti, yaani digrii 20 za krenki. Cheni ikiruka jino moja gari huwa bado linawaka, na ndiyo maana watu wanaendelea kuliendesha kwa miezi, wakilalamikia petroli.

Mwaka 1995 Toyota walianza kuuza Crown yenye injini ya 2JZ-GE iliyofungwa mfumo wa VVT-i, nao ukaenea hadi kwenye magari madogo. Injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497, ambayo utaikuta kwenye IST, Vitz na jamaa zao wengi waliojaa barabarani kwetu, inao. Mfumo huu hauiachi kemshafti ya valvu za kuingiza hewa ikae na krenki kwa pembe moja daima. Ndani ya gia yake kuna vyumba vidogo na mapanga yanayosukumwa na oili, na kompyuta, kwa kutumia valvu ndogo ya umeme ambayo mafundi huiita OCV, inaamua oili iende upande gani. Gia inaweza kuisogeza kemshafti mbele au nyuma kwa takriban digrii 40 za krenki. Injini ikizimwa, gia inarudi nyuma kabisa na kufungwa na pini.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika bila wengi wetu kushtuka. Zamani oili ililainisha na kupoza, basi. Sasa inaendesha taimingi, yaani zile zamu za pistoni na valvu, na tenshena ya cheni nayo inategemea presha yake. Injini iliyoundwa kwa oili nyepesi, mathalani 5W-30, ikimiminiwa oili nzito iliyokuwapo dukani, au ikanyimwa oili mpya kwa kilomita 15,000, haifi siku hiyo. Inaanza kwa kuchelewa kuitika. Foleni za Dar es Salaam na Nairobi zinazidisha, kwa sababu saa mbili za kusimama injini ikiunguruma hazionekani kwenye kilomita ila zinaonekana kwenye oili. Kitabu cha gari ndicho cha kuamua aina ya oili, si mazoea ya muuzaji.

Kwa hiyo uchunguzi wa gari kama lile la Kitonga unaanza na kijiti cha oili. Kiwango kikoje, oili ina umri gani, imekuwa nyeusi na nzito kama lami? Kisha sikio. Gari liwashwe asubuhi likiwa limelala usiku kucha. Mlio wa kukwaruza upande wa mikanda, unaodumu sekunde chache halafu unapotea, ni cheni inayopiga kava huku tenshena ikisubiri presha. Fundi aliyepelekewa gari saa nane mchana likiwa la moto hawezi kuusikia mlio huo, na mteja anayesema "liwashe wewe mwenyewe kesho asubuhi, fundi" anakuwa amemsaidia kuliko anavyodhani.

Kinachofuata ni OCV, na hapa napenda kukaa kidogo kwa sababu ni kipimo cha bure ambacho wengi wanakiruka. Chomoa soketi yake, pima ukinzani kati ya pini mbili: kwa Toyota hizi unatakiwa kuwa kati ya omu 6.9 na 7.9 ikiwa ya baridi. Halafu injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila mafuta kukanyagwa, ipe OCV umeme wa betri kwa muda mfupi tu. Injini nzima inatakiwa iudhike: itikisike, imisi, hata izime, kwa kuwa umeisukuma kemshafti mbele mahali pasipofaa. Ukitoa umeme, itulie. Injini isipojali lolote, oili haifiki au gia imekwama. Sasa fungua OCV, uioshe, na usisahau kichujio chake kidogo cha waya. Nimeona wanaonunua OCV mpya wakakiacha kichujio kimezibwa na tope lilelile.

Geji ya vakyumu nayo ni rafiki wa zamani aliyesahauliwa tangu mashine za kompyuta ziingie. Inachomekwa kwenye mpira wa manifodi ya hewa, injini ikiwa kwenye sailensa. Vitabu vinasema injini nzima isome inchi 18 hadi 21 za zebaki, na kwamba mshale uliotulia chini ya hapo unaashiria valvu zinazochelewa. Ila vitabu hivyo vinazungumzia usawa wa bahari. Kila ukipanda kama mita 300, usomaji unashuka karibu inchi moja. Geji inayosoma 19 Tanga au Mombasa itasoma kama 13 au 14 kwa injini ileile Mbeya au Nairobi, miji iliyo karibu mita 1,700 juu. Fundi wa Mbeya anayefuata kitabu bila kukumbuka anaishi wapi atafungua cheni ya gari lisiloumwa.

Baada ya hapo, kompresheni. Silinda zote nne zikishuka kwa pamoja na kwa kiasi kinachokaribiana, shuku taimingi. Ikishuka moja au mbili huku nyingine zikiwa nzima, shuku valvu iliyopinda au kuungua, ringi, au gasketi ya silinda hedi. Mwenye osiloskopu ana njia ya mkato tamu: anaweka mawimbi ya sensa mbili kwenye kioo kimoja, la krenki yenye meno 34 (ni 36, mawili yameachwa makusudi kuwa alama) na la kemshafti, na kuona moja kwa moja zimepishana kiasi gani, bila kufungua bolti hata moja. Kifaa hicho ni ghali, lakini gereji tano zinazopakana zingeweza kukinunua kwa ushirika.

Ushahidi ukishaelekeza kwenye cheni, ndipo tapeti kava lifunguliwe. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi, zungusha krenki kwa spana kuelekea mshale wa saa, kamwe usirudishe nyuma, maana ukirudisha cheni inavutika upande wa tenshena, inalegea upande wa pili na inaweza kuruka. Fikisha alama ya puli kwenye sufuri, kisha tazama alama za gia za kemshafti. Zikikosa kukutana, kumbuka krenki hupita sufuri mara mbili kwa kila mzunguko wa kemshafti. Zungusha duru moja zaidi kabla hujatoa uamuzi. Na usiiamini puli peke yake. Nyingi zina mpira kati ya kitovu na ukingo, mpira huo ukichoka ukingo unateleza na alama inadanganya. Ingiza mrija mrefu wa plastiki kwenye tundu la plagi ya kwanza, uone pistoni imefika juu kweli.

Kazi yenyewe katika gari dogo ni ya subira. Taimingi kava limejibana kwenye bodi, injini inabidi iegemezwe kwa jeki ili mauntingi ya upande huo itoke. Cheni, tenshena na reli zake zibadilishwe kwa pamoja. Cheni mpya juu ya tenshena ya zamani ni kujitafutia safari ya kurudi. Pingili zenye rangi zinalinganishwa na alama za gia wakati wa kufunga, na baada ya hapo hazitakutana tena hata ukizungusha mara mbili, jambo ambalo limewafanya watu wafungue kazi iliyokuwa sawa. Zinazotakiwa kurudi mahali pake ni alama za gia. Zungusha kwa mkono duru mbili kamili kabla ya kugusa swichi. Ukihisi kitu kigumu kinazuia, acha. Silikoni ya kava ipakwe uzi mwembamba. Inayobaki ndani inadondoka kwenye sampu, inakwenda kuziba kichujio cha oili pampu, na tumerudi kwenye presha ya oili.

Magari ya mkanda yana balaa lao. Mkanda hauna mlio wa asubuhi. Unakatika tu, na ukipiga stata injini inazunguka upesi na kwa wepesi wa ajabu kwa sababu hakuna kompresheni. Corolla ya zamani yenye 5A-FE ina huruma, pistoni hazifiki valvu zilipo, unafunga mkanda mpya na kuondoka. Hiace na Prado za dizeli hazina huruma hiyo, ndiyo maana zina taa ya T-BELT inayowaka kwenye kilomita 100,000. Lakini kilomita zinaweza kurudishwa nyuma kabla gari halijapanda meli. Tazama chini ya boneti: gereji za Japani hubandika karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini. Ukiona H22.5, hiyo ni Mei 2010, kwani Wajapani wanahesabu kwa enzi, na ya Heisei ilianza 1989.

Subaru zenye EJ20 ya kemshafti nne, ambazo vijana wa Nairobi wanazipenda kuliko mishahara yao, zina mtego wa pekee. Gia ya krenki ina mshale usoni, unaovutia macho, na mkato mdogo nyuma kwenye ukingo. Alama ya kufungia mkanda ni ule mkato. Ukiufuata mkato, pistoni zote zinakaa katikati ya silinda na valvu ziko salama. Ukifuata mshale, pistoni mbili zinakuwa juu, na injini iliyokuja kubadilishwa mkanda inaondoka na valvu zilizopinda.

Valvu zikishapinda, hesabu inabadilika: hedi inashushwa, valvu mpya zinasagwa zikae, gasketi mpya, au mwenye gari anashawishiwa anunue injini ya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Mara nyingine injini ya mtumba ndiyo nafuu. Ila kabla ya kulipa, omba tapeti kava lifunguliwe palepale dukani. Ndani pakiwa pa rangi ya dhahabu iliyofifia, kuna mtu alikuwa akibadilisha oili. Pakiwa peusi pamegandamana, rudisha hela mfukoni. Ukishainunua, funga cheni na tenshena mpya ikiwa bado iko sakafuni, ambako taimingi kava linafikika pande zote bila jeki wala kubanana na bodi.