Kidhibiti cha Pampu ya Petroli: Kazi Iko Kwenye Kuzima

Pampu kubwa inayofungwa kwenye magari ya tabo yaliyoongezewa nguvu husukuma lita 255 za petroli kwa saa. Injini ya lita mbili iliyokwama kwenye foleni hunywa lita moja hivi kwa saa. Zilizobaki zote zinazunguka bure: zinatoka tangini, zinafika kwenye regyuleta karibu na nozeli, zinarudishwa tangini, na kila mzunguko unaziongezea joto.

Joto hilo linahesabika. Kusukuma lita 255 kwa saa dhidi ya shinikizo la bari 3 ni kazi ya wati 21 tu. Pampu ya namna hiyo lakini huvuta takriban ampea 8 kwenye volti 13.5, yaani wati 108, na kwa kuwa mota yake imezama ndani ya petroli, ambayo ndiyo inayoipoza, karibu wati zote huishia kwenye mafuta. Tangi likiwa robo na jua kali, petroli huanza kutoa mvuke, na pampu iliyoumbwa kusukuma kimiminika haiuwezi mvuke.

Watengenezaji wa magari walilitambua hili mapema. Subaru Impreza WRX, gari linalopendwa sana na vijana wa Kenya, lina kisanduku kinachoendesha pampu kwa hatua tatu: asilimia 33, 66 na 100. Anayeweka pampu kubwa mara nyingi hukiruka kisanduku hicho, kwa kuhofia kwamba hakitauhimili mkondo mpya, akavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Tangu hapo pampu inakimbia mwendo wake wote, kuwe na foleni kusiwe na foleni. Kwa gari la namna hii, kujitengenezea kidhibiti ni kazi yenye maana.

Njia ya zamani ni rizista. Ili pampu ipate volti 9 badala ya 13.5, rizista imeze volti 4.5, kwa ampea 8 hizo ni wati 36 za joto, na betri bado inatoa ampea zilezile. Ukipunguza volti, kinachoshuka ni kasi ya mota. Ampea hufuata shinikizo ambalo pampu inapambana nalo, na shinikizo halijabadilika.

Transista ya aina ya mosfeti haimezi hivyo. Huwasha na kuzima umeme mara 20,000 kwa sekunde, kasi ambayo sikio halisikii mlio wake. Ikiwaka theluthi mbili ya muda, pampu hupata wastani wa volti 9, na betri hutoa wastani wa ampea 5.3 tu.

Kuwasha ni rahisi. Utamu wa kazi hii, na hatari yake, uko kwenye kuzima. Transista inapokata umeme, koili za mota bado zimebeba ampea 8, na mkondo wa koili haukubali kusimama ghafla. Ukinyimwa njia, volti hupanda mpaka mkondo ujitobolee njia, na pa kutoboa ni kwenye transista yenyewe. Kinga yake ni dayodi iliyofungwa sambamba na pampu, ikielekea kinyume na betri: mkondo unapita humo ukizunguka hadi transista iwake tena.

Sasa tazama hesabu. Mosfeti yenye ukinzani wa omu 0.005 hutoa wati 0.2 za joto, mbali na hasara ndogo ya kila kuwasha na kuzima. Dayodi inayoshika volti 0.5 kwa theluthi moja ya muda hutoa wati 1.3. Wengi hufunga bati kubwa la kupoozea kwenye transista na kuiacha dayodi uchi, kumbe dayodi ndiyo inayochemka.

Kwa sababu ya mkondo huo wa koili, balbu ya taa kubwa haitoshi kwa majaribio. Itafifia na kung'aa vizuri kabisa hata kama dayodi umeisahau, kwa kuwa waya wa balbu haung'ang'anii mkondo kama koili za mota. Jaribu kwa mota ya waipa. Usijaribu pampu mezani ndani ya ndoo ya petroli: brashi zake hutoa cheche, na hewa inayokosekana tangini kwa mlipuko, kwenye ndoo ipo.

Kiwango cha chini kabisa cha kasi usikikadirie kwenye karatasi. Chini ya volti fulani mota bado inazunguka lakini haiwezi kufikisha bari 3, na petroli haifiki. Funga geji ya shinikizo, shusha taratibu, kisha bakiza akiba.

Halafu uamue kidhibiti kitakufaje. Kikizima pampu wakati tabo inasukuma hewa kwa nguvu, hewa inazidi petroli ndani ya silinda, injini inagonga, na pistoni inaweza kuyeyuka. Kwa hiyo weka rilei ambayo ikikosa umeme hujirudisha upande wa kuipa pampu volti zote. Kidhibiti kikiwa hai ndicho kinachoivuta upande wake. Na yote hayo yakae nyuma ya rilei ya pampu iliyokuja na gari, ile inayokata umeme wa pampu injini isipozunguka, ili gari likipinduka na bomba likapasuka, petroli isiendelee kumwagika juu ya injini ya moto.