Unapotumwa Fizi na Baraka

Ndugu wa Bukavu wakitumwa Fizi huonywa: "Kule ni watu wa vita." Sifa hiyo ina chanzo. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika huku. Mwaka 1965 Che Guevara alipigana katika milima hii. Baadaye chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichoanzishwa 1967, kiliweka ngome yake Hewa Bora. Lakini walioumia ni raia. Mwaka 1996 wengi walivuka Ziwa Tanganyika, wakafika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwenyeji akikutazama kwa tahadhari, huenda anakumbuka hayo. Si kwamba anakuchukia.

Natanaeli naye aliidharau Nazareti. Filipo hakubishana naye, alimwita aende kujionea.

Basi ukifika Baraka, jitambulishe kwanza kwa wazee wa kanisa na viongozi wa mtaa. Jifunze salamu za Kibembe. Kula ugali wa muhogo na samaki unaokaribishwa. Uliza kabla ya kusahihisha.

Na ukirudi nyumbani, usiseme "Wabembe wako hivi" wala "Wanyamulenge wako vile". Simulia mtu uliyemkuta, na jambo alilokutendea.