Gari la zamani la kanisa: mafuta gani ya moteri, na vidanje lini?



Katika parokia nyingi za mashariki mwa Kongo, gari la kanisa lina umri kuliko vijana wa kwaya. Mara nyingi ni Land Cruiser au Hilux ya mazutu iliyopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwetu. Mchana hubeba wachungaji, mabati na simenti. Usiku simu ikilia, hubeba mama mwenye uchungu wa kuzaa hadi hospitali. Moteri ikifa, pesa za kuitengeneza hutoka katika sadaka za watu ambao wengi wao hawajawahi kukaa ndani ya gari hilo. Basi kamati inapouliza, "Tufanye vidanje sasa au tungoje mwezi ujao?", inafaa wajumbe waelewe wanachokiamua, wasimwachie shofere peke yake.

Mafuta ya moteri hayalainishi tu vyuma visisagane. Yanaondoa joto mahali ambapo maji ya radiyateri hayafiki, yanabeba masizi na vumbi hadi kwenye filtre, na yanapunguza nguvu ya asidi inayotokea mazutu inapoungua. Kwa kazi hizo kiwanda huongeza dawa ndani yake. Dawa hizo huisha. Mafuta yanaweza kuonekana bado mazito na yenye kuteleza huku dawa zake zimekwisha kabisa, na jicho haliwezi kujua. Hapa niondoe kosa moja linalosikika sana: katika moteri ya mazutu, mafuta mapya huwa meusi baada ya siku chache tu. Huo si uchafu wa kutisha, ni masizi yanayobebwa jinsi inavyotakiwa. Rangi nyeusi haikuambii kwamba muda umefika.

Tusome sasa bidoni. Maandishi kama 15W-40 yanaeleza uzito wa mafuta. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inahusu moteri ikiwa baridi: ikiwa ndogo, mafuta hupanda upesi asubuhi. Namba ya pili inahusu moteri ikiwa na joto, kwa digrii 100. Kwa Land Cruiser au Hilux ya zamani ya mazutu, 15W-40 inafaa karibu kila mahali kwetu. Anayeishi Uvira au Kalemie, kwenye joto la ziwa, na moteri yake imechakaa na inakula mafuta, anaweza kutumia 20W-50. Lakini yule wa Butembo au Lubero, ambako asubuhi kuna baridi kweli, afikiri mara mbili. Wengi husema gari zee linataka mafuta mazito. Ni kweli nusu. Mafuta mazito hupunguza moshi wa buluu na kelele, lakini asubuhi yanachelewa kufika juu ya moteri, na ni katika dakika hizo za kwanza ambapo vyuma vinaumia sana. Mafuta ya bei ndogo yanayoandikwa namba moja tu, kama SAE 40, yana shida hiyo hiyo: yakiwa baridi ni mazito mno.

Kuna maandishi mengine ambayo wauzaji hawayatazami, nayo ni ya maana zaidi. Baada ya neno API tafuta herufi. C ni kwa moteri za mazutu, S ni kwa moteri za esansi. Bidoni nyingi zina zote mbili, kwa mfano CI-4/SL. Usitie katika moteri ya mazutu mafuta yenye S peke yake, kwa sababu hayakutengenezwa kubeba masizi mengi. Herufi ya pili inapanda kadiri miaka inavyopita: CD na CF ni za zamani, CH-4 na CI-4 ni bora. CJ-4 na CK-4 zilitengenezwa zikifikiriwa moteri mpya zenye chujio la moshi, zinazotumia mazutu safi yenye salfa kidogo. Gari letu halina chujio hilo, na mazutu yake mara nyingine hutoka kwa kadhafi wa kando ya barabara, ambaye hawezi kukuambia ilitoka wapi. CI-4 yatosha, wala hakuna haja ya kulipa zaidi. Mafuta ya sentetiki hayaui moteri ya zamani kama wengine wanavyosema, lakini ikiwa moteri inavuja na kula mafuta, mtakuwa mnamwaga pesa njiani. Mafuta ya kawaida mazuri, yanayobadilishwa kwa wakati, yanashinda mafuta ya bei kali yanayoachwa mwaka mzima.

Ni lini basi? Kwa mazutu ya zamani wengi hushika kilomita 5000, au miezi 6 ikitangulia. Ni kipimo kizuri kwa barabara nzuri. Sisi tuna shida mbili. Kwanza, konteri ya kilomita katika magari mengi ilikufa zamani. Pili, kilomita zetu si kilomita za kawaida. Gari likipita matope kwa vitesi vya chini, moteri inafanya kazi ya siku nzima kwa mwendo wa kilomita 60.

Kwa hiyo napendekeza kipimo ambacho kila mtunza pesa wa kanisa tayari anacho katika faktire zake: lita za mazutu. Hata watengenezaji wa mashine kubwa za barabara hutumia hesabu ya namna hii, kwa sababu mazutu iliyoungua ndiyo inaonyesha kazi ya kweli ya moteri. Chukua Land Cruiser inayotumia lita 14 kwa kilomita 100 katika barabara nzuri. Kwa kilomita 5000 itakuwa imekunywa lita 700. Basi sema: kila lita 700, vidanje. Gari hilo hilo likiwa katika matope na kunywa lita 25 kwa kilomita 100, lita 700 zitakwisha baada ya kilomita 2800 tu, na kweli huo ndio wakati wake. Konteri ikiwa imekufa, haidhuru. Kwa gari dogo la esansi linalotumia lita 10 kwa kilomita 100, hesabu ni lita 500. Wekeni kaye ndani ya gari: tarehe, lita za mazutu, lita za mafuta ya moteri yaliyoongezwa. (Hesabu hii inadai, bila shaka, kwamba mazutu iliyoandikwa iliingia kweli katika gari la kanisa. Kaye ikitunzwa vizuri itaonyesha na hilo.)

Msikubali neno la kusema: "Gari letu linakula mafuta, tunaongeza kila wiki, basi yanajibadilisha yenyewe." Kuongeza si kubadilisha. Masizi na asidi vinabaki chini, na filtre inabaki ile ile. Filtre ikijaa, mlango mdogo ndani yake hufunguka ili moteri isikose mafuta, na tangu hapo mafuta yanazunguka na uchafu wote. Filtre mpya kila vidanje, basi. Na filtre ya hewa ichunguzwe pamoja na mpira wake. Mpira ukipasuka, vumbi la kiangazi linaingia moja kwa moja na kusaga moteri kama mchanga, hata mafuta yawe mazuri namna gani.

Ikiwa gari limeachwa muda mrefu bila vidanje, msioshe moteri kwa kutia mazutu ndani, ingawa garaji nyingine hufanya hivyo. Sehemu yake hubaki na kufanya mafuta mapya kuwa mepesi mno. Tieni mafuta mazuri na filtre mpya, mwende kilomita 1000 hivi, kisha mbadilishe tena vyote viwili.

Kupima ni asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, kabla ya kuliwasha. Mafuta yawe kati ya alama mbili za kijiti. Yakizidi alama ya juu ni hatari pia, kwa sababu vyuma vinavyozunguka huyapiga hadi yatoe povu. Yakipanda yenyewe bila mtu kuongeza, nusa kijiti: harufu ya mazutu maana yake mazutu inavuja ndani ya moteri. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Gari lisitoke, hata kama msiba unangoja. Na taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani, shofere azime moteri hapo hapo, si kwenye kijiji kinachofuata. Kuna magari ambayo waya wa taa hiyo ulikatwa kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Urudishwe.

Kuhusu bidoni bandia, nunueni kwa depo inayojulikana, tazameni kama kizibo kimefunguliwa, na bidoni tupu mzitoboe kabla ya kuzitupa, zisijazwe tena na mtu mwingine. Mafuta ya zamani yasimwagwe katika mfereji unaoshuka ziwani. Yawekwe katika bidoni na kupelekwa garaji, na mwenye kuyashika anawe kwa sabuni, maana yana sumu inayopita katika ngozi.

Grupu ya umeme ya kanisa nayo ina mafuta, na haina kilomita hata moja. Zile ndogo za esansi hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Kanisa linaloiwasha saa 4 kila Jumapili na saa 2 kwa mazoezi ya kwaya hufika hapo baada ya wiki 16 au 17.