Dawa za Kwanza Zikishindwa

Majuzi kijana mmoja alituletea baba yake mwenye saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika kwenye ini. Mzee alikuwa ametibiwa miezi sita katika hospitali ya rufaa kwa fluorourasili na oksaliplatini. Uvimbe ulinywea, kisha picha ya mwisho ikaonyesha kwamba unakua tena. "Shikamoo, sista," kijana alisema akiwa mlangoni. "Wanasema kuna dawa nyingine. Niuze ng'ombe?"

Dawa hizo nyingine madaktari huziita za mstari wa pili. Wengi hudhani zina nguvu kuliko za kwanza. Sivyo. Hutolewa kwa sababu saratani imezizoea zile za mwanzo. Aliyeanza na oksaliplatini hubadilishiwa irinotekani, na aliyeanza na irinotekani hupewa oksaliplatini. Mara nyingi fluorourasili huendelea pamoja nazo.

Je, zinasaidia? Mwaka 1998 madaktari wa Ulaya walitangaza utafiti juu ya wagonjwa ambao fluorourasili ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Katika kila 100 waliopewa irinotekani pamoja na matunzo, 36 hivi walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Waliopata matunzo peke yake walikuwa 14 tu. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini tuisome hesabu hiyo upande wa pili pia: 64 hawakuufikia mwaka, ingawa walipata dawa. Dawa hii huongeza muda na huchelewesha maumivu. Ugonjwa uliosambaa hivyo, kwa kawaida, hauuondoi kabisa.

Tena haimfai kila mtu. Mgonjwa asiyeweza tena kuinuka kitandani huumizwa nayo zaidi kuliko kusaidiwa. Mwenye macho ya njano naye yuko hatarini, kwa maana irinotekani hutolewa mwilini kwa njia ya ini.

Jambo tunaloliogopa sana sisi wauguzi ni kuhara. Huweza kuanza siku kadhaa baada ya dripu, mgonjwa akiwa amekwisha rudi kijijini, na kumkausha maji haraka. Asiondoke hospitali bila vidonge vya loperamidi na maelezo ya namna ya kuvimeza. Anywe maji ya chumvichumvi. Akipata homa ya nyuzi 38, hata usiku, aletwe hospitali. Msingoje asubuhi, kwani chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa zimeshuka. Na anayefua nguo zilizochafuka siku mbili za kwanza avae glavu.

Turudi kwa kijana wetu. Tulimwuliza baba anasemaje. Akainama. Ndugu walikwisha kaa vikao viwili, na mzee hakuitwa hata kimoja! Tunaliona hili mara nyingi, nasi halitupendezi.

Basi tukaingia wote wodini, daktari akamweleza mzee taratibu, pamoja na hesabu zile. Alinyamaza kitambo, kisha akamwambia mwanawe, "Uza dume. Jike la maziwa liache kwa wajukuu. Nichomwe dozi nne, halafu wanipige picha. Kama uvimbe haukusimama, nirudisheni nyumbani, sista atanipa dawa ya maumivu."

Daktari aliyaandika maneno hayo kwenye faili lake, na juma lililofuata wakasafiri.