Vyuma vya kukinga jipu: vinalipa ao ni mapambo tu?



Wengi kati yetu tukimaliza lisansi, kazi ya kwanza tunayopata ni ya tereni: kilimo, afya, maji, lishe ya watoto. Na siku moja unajikuta unaombwa kuandika budje ya motokari, hata kama haujawahi kushika usukani. Mimi ilinikuta hivyo. Niko ajironomo, si fundi wa garaji. Lakini hii nililipia masomo yake, njo maana naiandika.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mwezi wa kumi, tulitoka Bukavu asubuhi kuelekea Mwenga na Land Cruiser pikapu imejaa miti ya muhogo ya kupanda. Jipu ile ilikuwa ya kupendeza macho: mbele parebufule nene, yaani vile vyuma vya kukinga uso wa motokari, juu taa ine, pembeni snorkeli. Lakini chini ya motere hakukuwa na kitu. Bamba la kiwanda lilitolewa siku moja ya kubadilisha mafuta, halikurudishwa, na hakuna mtu aliyeuliza.

Tulipopita Burhale, kulikuwa jiwe limefichwa na maji katikati ya potopoto. Tulisikia mugongo mmoja tu. Mzee shofere akazima motere palepale, akalala chini kuangalia.

«Ajironomo, karteri imepasuka. Leo hatufiki.»

Hatukufika leo, wala kesho. Karteri ingine ilitoka Bukavu siku ya ine. Mbegu ya mahindi ingengojea. Muti wa muhogo uliokatwa haungojei, unakauka. Tulipofika, zaidi ya nusu ilikuwa ya kutupa. Watu walikuwa wamekwisha kulima, mvua inanyesha. Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini: «Sasa nipande nini, mwanangu?» Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza: ni vyuma gani vinafaa kununuliwa, na ni gani vya kuonekana tu? Jibu nilikuta kwa masomo yetu wenyewe. Katika kukinga mimea tunafundishwa kwamba haupulize dawa ju umeona mdudu mmoja. Unapuliza pale hasara inayokuja inapita bei ya dawa na kazi yake. Motokari ni hesabu ileile. Kwa kila chuma uliza mambo matatu: kinakinga hasara gani? Hasara hiyo inaweza kunikuta kwa njia ninazopita? Na chenyewe kinaniletea hasara gani?

Bamba la chini. Karteri ya mafuta iko chini ya motere, na mara nyingi ni chuma chembamba. Ikipasuka, mafuta yanamwagika, na motere ikiendelea kuzunguka bila mafuta inashikana kwa dakika chache tu. Hapo si karteri tena unayonunua, ni motere nzima. Mzee wetu alituokoa kwa kuzima haraka.

Tuseme bamba linalipwa dola 150 pamoja na kazi ya kulifunga, na siku ya kupasukiwa inakula dola 900: karteri, mafuta, kuvutwa, siku za kulala pa njia. 150 ni sehemu moja ya sita ya 900. Kwa hiyo kama kwa maisha ya bamba hilo unaona kuna bahati mbaya moja juu ya sita ya kugonga jiwe, bamba limekwisha kujilipa. Kwa njia za Walungu na Mwenga wakati wa mvua, mimi siulize mara mbili. Kwa mtu anayezunguka mjini tu, hesabu ni ingine, na abaki na franga yake.

Bamba nalo liko na mashariti. La chuma lenye unene wa milimita 3 linapima karibu kilo 24 kwa kila meta mraba. La aluminiumu la milimita 5 karibu kilo 13 na nusu. Liwe na tundu pa kutolea mafuta machafu, kama sivyo fundi atalitoa na kulisahau, sawa ilivyokuwa kwetu. Na lioshwe: potopoto ikikauka juu yake inaficha mafuta yanayovuja, na majani makavu yakikaa karibu na bomba la moshi yanaweza kuwaka.

Snorkeli. Hapa wengi tunadanganyika. Motere ya mazuti haiwashe kwa busi. Inakamua hewa mpaka inakuwa moto sana, na mazuti inawaka yenyewe. Kwa motere za zamani za Land Cruiser, hewa inakamuliwa mara 22 hivi. Sasa, hewa inakamulika, maji hayakamuliki. Maji yakiingia mahali pa hewa, pistoni inapanda, inagonga kama ukuta, na biele inapindika. Snorkeli inapandisha mdomo wa hewa juu, karibu na paa, kusudi hilo lisitokee. Wakati wa kiangazi inasaidia pia, ju vumbi nyingi iko chini, na filtri haichafuke mbio.

Lakini snorkeli haikinge kitu kingine. Diferansieli iko na tundu ndogo ya kupumua. Ikiwa na moto kisha ukaiingiza katika maji baridi, inavuta maji ndani, na mafuta yake yanageuka meupe kama maziwa. Dawa yake ni kupandisha kile kimpira cha kupumua mpaka juu, kitu cha bei ndogo sana. Waya na vyombo vya elektroniki navyo havikingwi. Na kama viungo vya snorkeli havikufungwa vizuri, maji yanapita palepale: hiyo ni pambo. Tena mto wenye mkondo unasukuma motokari hata kama motere inapumua vizuri. Kanuni ya mzee wetu ni moja: mtu atangulie kupima kwa fimbo, na mahali ambapo yeye hawezi kusimama, motokari haingie.

Parebufule. Hii njo ilikuwa na bei kubwa kwa jipu yetu. Inakinga nini? Taa na radiateri, ukigonga mnyama mkubwa. Kule Australia wako na sababu: kangaruu wanaruka barabarani usiku. Sisi, nani yuko pembeni ya barabara? Ni mama mwenye kitunga mgongoni, ni watoto wanatoka masomo, ni kijana anasukuma kinga yenye mizigo. Chuma kigumu hakiregee. Nguvu yote inaingia kwa mwili wa mtu. Njo maana Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2005 masharti juu ya vyuma vya namna hii, ju ya kukinga watembea kwa miguu. Kwa hesabu yangu, chuma kinachookoa taa na kuvunja mtu hakijilipi hata siku moja.

Kisha kuna uzito. Kilo mia moja za vyuma ni mifuko miwili ya mbegu ya kilo 50 iliyobaki depo, na mazuti unalipa kila safari. Galeri yenye mizigo juu ya paa inafanya motokari kuwa nyepesi kuanguka kwa kona na milimani.

Basi kama budje ni ndogo, mimi nitaifuata hivi: kwanza matairi mazuri, kisha kamba nene ya kuvutia, mapauro mawili, na kriki pamoja na kipande cha mbao nene cha kuweka chini yake isizame. Halafu bamba la chini na vile vimpira vya kupumua. Snorkeli, kama kweli kuna maji mengi ao vumbi nyingi. Parebufule, hapana. Na juu ya vyote, shofere anayejua kuzima motere kwa wakati na kushuka kuangalia. Huyo usimkatie mshahara ili ununue taa.

Msimu uliofuata tulirudi njia ileile, bamba limefungwa. Mawe yaligonga chini: ngo, ngo. Mzee akacheka, hakusimama. Tulifika siku hiyohiyo, miti ingali na maji ndani. Yule mama alikuja kuchukua fungu lake, akalihesabu, akaenda shambani bila kusema neno. Mimi ilinitosha.