Msitu wa Tumbusi: Likizo ya Kutazama Ndege Ukambani

Kituo cha Mtito Andei wengi wetu hukipita tukiwa usingizini. Gari moshi husimama, watu hushuka na wengine hupanda, nasi wa Mombasa hufumbua jicho moja kutazama saa kisha tukarudi kulala. Safari hii tulikuwa macho: kina mama watatu, mjomba mmoja wa kutusindikiza, na watoto saba wenye likizo ya Aprili na maswali yasiyokwisha. Mmoja wao ndiye aliyeuliza jina hilo lina maana gani. Abiria aliyekaa mkabala nasi, mwenyeji wa huko, akamjibu kwamba kwa Kikamba ni msitu wa tumbusi. Watoto wakakimbilia madirishani. Hawakuona hata tumbusi mmoja.

Tulikuwa tukienda kutazama ndege. Twajua msomaji atatabasamu, kwani hata nyumbani tulichekwa. "Kunguru wa hapa hawawatoshi?" aliuliza bibi yetu, huku akitufungia mkate wa sinia na viazi karai vya njiani. Watu wa Ulaya, kwa upande wao, huitumilia shughuli hii fedha nyingi. Kila Aprili na Mei wapenzi wa ndege humiminika katika kisiwa cha Lesvos, Ugiriki, mkabala na pwani ya Uturuki. Huko hukaa kando ya mashamba ya chumvi ya Kalloni, darubini shingoni, wakiwangoja ndege warudio kutoka Afrika. Kisiwa hicho kimeandikiwa aina zaidi ya 300, nayo Kenya ina zaidi ya 1,000. Tena katika ndege wanaosubiriwa kaskazini kwa hamu hiyo wamo waliokaa kwetu miezi kadhaa, katika vichaka vya Makueni na Kitui, wakila panzi wetu.

Tulishuka Kibwezi, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kujumuisha, tukafikia nyumba ndogo ya wageni kwa mama mmoja wa Kikamba aliyetupa jiko lake tupike wenyewe. Jioni hiyo alituonjesha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe. Watoto, ambao nyumbani husukuma sahani kwa jambo dogo, waliomba waongezwe.

Kesho yake tulitoka mara baada ya Alfajiri, maana saa mbili za kwanza za mchana ndizo saa za ndege. Jua likishapanda huingia kivulini wakanyamaza. Tulikuwa na darubini mbili tu kwa watu kumi na mmoja, na ugomvi wake mtaukisia. Tulikuwa na hofu kwamba mabuibui yetu meusi yangewatisha ndege. Hayakuwatisha. Kilichowatisha ni viatu vya mtoto mmoja vinavyowaka taa kila akikanyaga.

Wa kwanza alikuwa kambu wa kutoka kaskazini, kifua na kichwa buluu, mgongo rangi ya mdalasini, amekaa juu ya waya wa umeme. Mbele yake mwingine, na mbele ya huyo mwingine tena. Majira haya kambu huondoka Afrika Mashariki kwa wingi. Hupitia Somalia, wakavuka bahari hadi Bara Arabu, kisha wakaendelea hadi Asia ya kati na Ulaya ya mashariki. Mwenzetu mmoja, ambaye dadake ameolewa Maskati, alimpigia simu papo hapo akamwambia atazame juu wiki zijazo. Tulimcheka, lakini alikuwa na haki: Oman iko katika njia yao.

Karibu yao, kwenye mgunga, alikaa kipwe mwenye mgongo mwekundu na mstari mweusi machoni kama aliyejifunga kitambaa. Ndege huyu ana tabia ya kutundika panzi kwenye miiba awale baadaye, na wavulana wakaona hana mfano. Keremkerem walipita juu sana, tukawasikia kabla ya kuwaona. Na hudihudi, huyu ni wa kwetu na hasafiri kwenda Ulaya, alikuwa akidonoa chini karibu na kisima. Watoto walimtambua kwa kishungi chake, wakasimuliana upya kisa cha Nabii Sulaiman kama walivyokisoma madrasa. Mkubwa wao hakuamini kwamba ndege wa kisa kile ni mdogo kiasi hicho.

Lakini aliyetushangaza zaidi hatukumwona vizuri. Ni ndege wa kahawia asiye na pambo lolote, uzito wake gramu 12 hivi, ajifichaye ndani ya vichaka. Huzaa Ulaya, hupita huku mwishoni mwa mwaka akielekea kusini, na Machi na Aprili hurudi. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha aliyoyagundua Ubelgiji: kila dume la ndege huyu huiga sauti za aina 76 hivi za ndege wengine, na zaidi ya nusu ya sauti hizo ni za ndege wa Afrika. Hujifunza angali kinda, akiwa safarini. Hivyo bustani ya Ulaya huenda ikasikia alfajiri wimbo wa ndege wa vichaka vya huku, nao wenyeji wa bustani wasijue.

Habari zake zimejulikana pia karibu na hapa. Katika milima ya Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 wataalamu hukusanyika Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mwezi, ndege wasafiri wanapovutwa na taa za hoteli. Huwanasa kwa nyavu laini, wakawavisha pete ndogo mguuni na kuwaachilia.

Siku ya tatu tulikodi gari, tukaishika barabara ya kwenda Kitui. Tulivuka mto Athi, ambao ndio mpaka wa kaunti hizi mbili, na mbele yetu ukasimama uwanda wa Yatta, ukuta wa lava ya kale unaoenda kilomita 300 hivi. Huku ndiko kwenye mibuyu. Katika matawi yake kulikuwa na matundu makubwa ya miiba, kazi ya ndege wa jamii ya kwera, na mizinga ya nyuki imening'inizwa kwa waya. Mzee tuliyemkuta karibu na Ikutha alitueleza kwamba yuko ndege anayemwita mtu kwa kelele, akatangulia mti hadi mti mpaka kwenye asali, kisha akangojea fungu lake la nta. "Nisipomwachia," alisema, "kesho nitamwita nani?"

Kando ya barabara hiyo tuliona magunia ya makaa, na hapo mazungumzo garini yakakatika. Mama mwenyeji alikuwa ametuuliza usiku uliopita, bila ukali, "Miti yetu mnaijua nyinyi. Si ndiyo mnayopikia pilau?" Januari 2018 gavana wa Kitui wa wakati huo, Bi Charity Ngilu, alipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti yake, na mwezi uliofuata serikali kuu ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Sisi tulilalamikia bei. Hatukujiuliza mgunga aliokaa yule kipwe una umri gani. Wala hatukukumbuka kwamba mvua inayonyesha vilima vya Chyulu, jirani na Kibwezi, huzama katika mawe ya volkeno ikatokea chemchemi za Mzima, ambazo tangu miaka ya 1950 hutiririsha maji hadi mifereji ya Mombasa.

Mwenzetu mmoja anamwoza bintiye mwezi ujao, na alikusudia tangu nyumbani kuagiza magunia matatu. Alishuka, akauliza bei, akasimama kidogo, akarudi garini mikono mitupu. Hakuna aliyemwuliza. Bei ya gesi twaijua sote.

Na tumbusi? Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Sumu ni sababu kubwa: mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba hutia sumu mzogani, simba huenda asirudi, nao tumbusi wakashuka kwa makumi. Mzoga usioliwa huoza na kuwavuta mbwa.

Tuliporejea, gari moshi likasimama tena Mtito Andei. Mama wa bibi harusi, aliyekuwa kimya tangu Kibwezi, akasema, "Tutapika kwa gesi. Makaa yatakuwa ya kupalia biriani tu." Mtoto wa viatu vya taa alikuwa dirishani na darubini. Akapiga kelele kwamba ameona wawili, juu kabisa, wanazunguka. Mjomba akaichukua darubini, akatazama sana, akasema pengine ni tai. Walikuwa bado wakibishana tulipofika Voi.